Vidonge vya Nguvu na Kinga ya Mwili kwa Watu wa Jembe na Duara

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi vya Shinyanga na Geita)



Nimeombwa nizungumze juu ya hoja ambayo imekwisha kuingia katika ajenda za vyama kadhaa vya eneo letu. Hoja yenyewe yasema hivi: chama kinunue kwa jumla vidonge vya vitamini na makopo ya unga wa kuongeza kinga, kiwakopeshe wanachama wakati wa palizi, na fedha hiyo ikatwe katika malipo ya pamba msimu unapofunguliwa. Vijana wetu waliokwenda kwenye maduara ya dhahabu, Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu na hata Mwakitolyo, nao wameomba wahesabiwe. Wauzaji wa bidhaa hizo wamefika mpaka vijijini, wamevaa vizuri, wana picha, na wana maneno. Husema kwamba kazi nzito hubomoa kinga ya mwili, na kwamba chupa yao hujenga kilichobomoka.

Sitaki kuanza kwa kuwatukana wauzaji hao. Katika maneno yao mmo ukweli, na mtu anayeukataa ukweli kwa sababu umesemwa na mchuuzi hajisaidii. Kazi yetu leo ni kupima ukweli huo una uzito gani, kisha tuone kama unastahili kukatwa katika pamba ya mwanachama.

Basi tuanze na mwili wenyewe. Mtu afanyapo kazi ya nguvu kwa saa nyingi, mwili hutoa homoni za kuukabili mzigo, mojawapo ikiitwa kotisoli. Homoni hizi hufungua akiba ya sukari ili misuli ipate moto. Wakati huo huo chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huongezeka katika damu, na kazi ikiisha baadhi yake hupungua kwa muda wa saa kadhaa hata chini ya kiwango cha kawaida. Wataalamu walioona jambo hili walidhani kwamba katika saa hizo mlango huwa wazi na maradhi huingia.

Walikuwa na ushahidi. Mwaka 1982, huko Cape Town, wakimbiaji wa mbio za kilometa 56 walichunguzwa kwa majuma mawili baada ya mbio. Katika kila 100 kati yao, 33 walipata mafua au maumivu ya koo, hali katika watu waliokaa nao nyumba moja bila kukimbia walikuwa 15. Mwaka 1987 huko Los Angeles, Marekani, wakimbiaji zaidi ya 2,300 waliulizwa habari zao. Waliokimbia marathoni, 12.9 katika kila 100 waliugua juma lililofuata. Wenzao waliojizoeza vile vile lakini hawakukimbia siku ile walikuwa 2.2 tu.

Siku hizi mjadala umebadilika kidogo. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walieleza kwamba zile chembe zinazopungua katika damu hazifi; kwa sehemu kubwa huhama, zikaenda kulinda mapafu, matumbo na ngozi. Tena mtu aliyepata makohozi baada ya mbio huenda aliyapata kwa kusongamana na watu maelfu, kwa kukosa usingizi, kwa safari, au kwa kuvuta hewa kavu na vumbi kwa mdomo wazi, na wala si kwa sababu kinga yake ilivunjika. Nami naona hoja yao ina nguvu. Kazi peke yake haimwui askari wa mwili. Lakini askari asiyelishwa, asiyelala, anayepelekwa vitani kila siku kwa majuma sita, huyo ni habari nyingine, na huyo ndiye mwanachama wetu.

Maana tofauti kati ya mkimbiaji wa Cape Town na mpalizi wa Shinyanga ni kubwa. Mkimbiaji hukimbia siku moja, kisha hurudi nyumbani kwenye nyama na matunda akapumzika. Mkulima wa pamba hupanda Novemba na Desemba, na kuanzia Januari mpaka Machi yumo katika palizi. Ni miezi hiyo hiyo ambayo ghala liko chini, mahindi mapya hayajakomaa, bei ya debe sokoni imepanda, na mvua imejaza majaruba ya mpunga ambamo mbu wa malaria huzaliana. Kazi nzito kupita zote, chakula kidogo kupita wakati wote, na malaria nyingi: vitatu hivyo huja pamoja kila mwaka, wala havijapata kutuomba ruhusa. Wazee wetu waliipunguza kazi ile kwa kulima kwa ngoma. Bugobogobo ilikuwa kwanza kazi ya jembe kabla haijawa mchezo wa kuonyeshwa kwa wageni. Lakini hata hao waliolima kwa ngoma walipikiwa na mwenye shamba, na asiyepika hakupata watu mwaka wa pili.

Hesabu ya chakula ni nyepesi. Mwanamume wa kilo 60 anayefanya kazi nzito siku nzima huhitaji kiasi cha kilokalori 3,500. Hiyo ni karibu sawa na nguvu iliyomo katika kilo nzima ya unga wa mahindi. Mwanamke anayepalilia mchana, akateka maji, akasenya kuni, na huku ananyonyesha, hayuko mbali na hesabu hiyo, ijapokuwa sahani yake aghalabu ni ndogo kuliko ya mumewe. Ulizeni kwa uaminifu: ni nani katika wanachama wenu anayekula kiasi hicho mwezi wa Februari? Wengi hunywa chai ya rangi asubuhi, wakashinda shambani mpaka saa nane, wakala ugali na mlenda mara moja. Vijana wa maduara wao mara nyingi hushuka chini na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, ambacho humpa mtu sukari kidogo na kumwondolea usingizi, basi. Hakuna kidonge cha vitamini chenye kilokalori. Vitamini humsaidia mwili kukitumia chakula. Chakula kisipokuwapo, haina cha kusaidia.

Sasa tukitazame kidonge chenyewe, tukianza na vitamini C kwa sababu ndiyo isifiwayo zaidi.

Mwaka 1993 ilitangazwa habari ya wakimbiaji wa mbio ndefu za Comrades, Afrika Kusini, ambazo ni kiasi cha kilometa 90. Waliopewa miligramu 600 za vitamini C kila siku kwa siku 21 kabla ya mbio waliugua mafua 33 katika kila 100. Waliopewa kidonge kisicho na kitu waliugua 68. Baadaye, mwaka 2013, wataalamu walikusanya majaribio yote yaliyojulikana. Wakaona kwamba kwa watu wa kawaida vitamini C haizuii mafua hata ikinywewa kila siku. Lakini katika majaribio matano ya watu waliokuwa katika taabu kubwa ya mwili kwa muda mfupi, yaani wakimbiaji, askari na watelezaji wa theluji, 598 kwa jumla, hatari ya mafua ilipungua karibu nusu. Huo ndio ukweli aliokwenda nao mchuuzi, nami nauthibitisha.

Ila yeye hakuwaambia kwamba mapera mabivu huwa na kiasi cha miligramu 200 za vitamini C katika kila gramu 100. Zile miligramu 600 za Comrades ni mapera yasiyofika nusu kilo. Ubuyu, ambao watoto wetu huula njiani kama mchezo, nao una vitamini hiyo kwa wingi, na mbuyu hautumi hati ya madai. Sharti moja: vitamini C huharibiwa na moto. Ukichemsha ubuyu au juisi ya mapera unapoteza sehemu ya vitamini hiyo. Utiwe katika uji uliokwisha kuepuliwa na kupoa kidogo.

Tena uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji na waendesha baiskeli umeonyesha jambo ambalo wenye chupa hawalitaji. Kitu kilichotuliza zile homoni za mzigo kwa uhakika zaidi kuliko vidonge ni wanga na sukari iliyoliwa wakati wa kazi yenyewe, kiasi cha gramu 30 hadi 60 kwa saa. Mwili unaopata sukari kidogo kidogo hauoni haja ya kupiga kelele ya hatari. Yaani kikombe cha uji kinachopelekwa shambani saa nne kina kazi ambayo sahani kubwa ya usiku haiwezi kuifanya kwa kuwa imechelewa.

Ndugu Wanachama, huenda mtasema kwamba nawaletea habari za wazungu wanaokimbia kwa hiari. Basi turudi kwetu, maana katika jambo hili nchi yetu imefundisha dunia.

Kuanzia mwaka 1995, Dar es Salaam, wanawake wajawazito 1,078 wenye VVU waligawiwa vidonge vya vitamini za namna mbalimbali, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia wananchi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba vidonge vyenye vitamini B, C na E vilichelewesha ugonjwa: waliofikia hatua ya UKIMWI au kufa walikuwa 24.7 katika kila 100, na kwa wasiopata walikuwa 31.1. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini katika kazi hiyo hiyo vitamini A iliyotolewa kwa akina mama hao iliongeza uwezekano wa mtoto kuambukizwa. Vitamini mbili, kikombe kimoja, matokeo mawili yanayopingana.

Mwanza, jirani zetu, pamoja na Lusaka, kati ya mwaka 2011 na 2013, wagonjwa 1,815 waliokonda na ambao walikuwa wanaanza dawa za VVU walipewa chakula maalumu. Nusu yao chakula hicho kilitiwa vitamini na madini kwa wingi sana. Vifo havikupungua kwa ajili ya nyongeza hiyo. Na Dar es Salaam tena, watu wazima 4,000 wenye VVU walijaribiwa vitamini D, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba haikupunguza vifo wala kifua kikuu.

Habari ya Pemba naiomba kila katibu aiandike katika daftari. Watoto 24,076, wenye umri tangu mwezi mmoja mpaka miezi 35, waliingizwa katika jaribio la kuwapa madini ya chuma na foliki asidi ili kuondoa upungufu wa damu. Nia ilikuwa njema kabisa. Mwezi Agosti mwaka 2003 sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mzito. Pemba wakati ule ilikuwa na malaria nyingi mno, na inaelekea kwamba chuma kilichomiminwa katika mwili wenye malaria kiliwasaidia wadudu pamoja na mtoto. Wale waliopimwa wakaonekana wana upungufu wa chuma hasa, na malaria yao ikatibiwa, walinufaika. Mikoa yetu ya Shinyanga na Geita iko katika ile yenye malaria nyingi nchini. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa kwamba huongeza damu, ikiuzwa mnadani bila kipimo na kupelekwa nyumbani kwa watoto, si kitu cha kuchezea. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya chuma kliniki aendelee kuvinywa; yeye anapimwa na kulindwa na malaria, na hilo ndilo tofauti.

Na damu yenyewe inapungua kwa nini? Kwetu, mbali na chakula, huibwa na malaria, na minyoo, na kichocho cha kandokando ya ziwa na cha majaruba. Kumwongezea chuma mtu mwenye kichocho bila kumpa dawa ya kichocho ni kujaza maji katika mtungi uliotoboka.

Sasa niende kwenye maduara, maana huko ndiko hoja hii inakonihuzunisha.

Kijana anayepasua mwamba, na yule anayeshughulika na karasha pasipo maji, huvuta vumbi la mawe lenye silika. Vumbi hilo likikaa mapafuni halitoki. Huyadhoofisha mapafu, na mapafu hayo yakipata vijidudu vya kifua kikuu hayana nguvu ya kuvifungia. Ongezeni hapo kulala watu wengi katika kibanda kimoja cha maturubai, kula mara moja kwa siku, na pombe. Sasa kijana huyo huanza kukohoa. Hukonda. Usiku hutoka jasho. Anaamini kwamba ni uchovu wa kazi, na muuzaji wa vidonge anamthibitishia kwamba kinga imeshuka. Hununua chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miezi mitatu ikipita amewaambukiza wenzake wa kibandani, akarudi kwa mama yake kijijini na kikohozi kile kile. Fedha aliyoipoteza ni jambo dogo. Miezi ile mitatu ndiyo iliyomgharimu. Kifua kikuu kina dawa, hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kwa kawaida hupona kwa miezi sita. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na namna yake ya kazi, aliyoisaidia Dakta Karel Styblo, baadaye iliigwa duniani. Ni aibu mtu wa nchi hiyo afe na chupa ya vitamini mkononi.

Lakini je, lishe ina nafasi katika kuzuia kifua kikuu? Inayo, na kubwa kuliko tulivyodhani. Katika jimbo la Jharkhand, India, ambalo nalo ni nchi ya migodi na ya watu maskini, ilifanyika kazi iliyotangazwa mwaka 2023. Familia za wagonjwa wa kifua kikuu 2,800 zilifuatwa, watu wa nyumbani wakiwa 10,345. Nyumba za kundi moja, kila mtu mzima alipewa kwa mwezi kilo 5 za mchele na kilo moja na nusu ya dengu na jamii ya kunde, pamoja na kidonge cha vitamini. Nyumba za kundi la pili, mgonjwa peke yake ndiye aliyepewa chakula. Katika nyumba zilizopata chakula, wapya walioshikwa na kifua kikuu walipungua kwa asilimia 39. Mchele na kunde! Kidonge kilikuwamo, sikifichi, lakini kilipanda juu ya mgongo wa kunde. Majaribio yaliyotangulia ya vidonge vitupu hayakupata kuonyesha kinga ya namna hiyo.

Wenye migodi ya Afrika Kusini walijifunza hili zamani kwa njia ya kikatili. Mwanzoni mwa karne ya ishirini wafanyakazi Waafrika wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand walikufa kwa wingi kwa nimonia na kifua kikuu, na wengi waliugua kiseyeye, yaani ugonjwa wa kutoka damu katika fizi kwa kukosa vitamini C, kwa kuwa walilishwa unga wa mahindi siku zote. Makampuni, yakiogopa kukosa watu wa kazi, yaliita waganga. Jenerali Gorgas wa Marekani alikwenda kuwashauri mwaka 1913. Pamoja na kurekebisha makazi na vyakula, makampuni yalitegemea pombe ya mtama kama kinga ya kiseyeye, maana mtama uliochipuzwa hupata vitamini ambayo nafaka kavu haina. Watanganyika pia waliandikishwa kwenda huko, mpaka serikali ya uhuru ilipokomesha uandikishaji huo mapema katika miaka ya 1960. Kampuni iliyokuwa ikitafuta faida tu iliona kwamba chungu cha chakula ni rahisi kuliko maiti. Wachimbaji wadogo wa leo hawana kampuni ya kuwapikia. Wana mama lishe wa kambini, na mama huyo kwa maoni yangu ndiye mganga wa kwanza wa mgodi. Akitia maharage na dagaa katika sufuria, ameponya wengi kuliko duka la vidonge.

Basi mkiniuliza chama kifanye nini na fedha ile, nitasema: kipike uji.

Kwa watu kumi wa palizi au wa duara, chukueni kilo moja ya unga wa mtama au wa mahindi, robo kilo ya karanga zilizokaangwa na kusagwa, na robo kilo ya sukari. Kila mmoja atapata karibu kilokalori 600, na protini iliyo bora kuliko ya nafaka peke yake. Uji wa namna hiyo huwa mzito mno kunyweka. Hapo ndipo kimea kinapofaa. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kiasi kidogo cha unga wa kimea kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo, uji hulegea ukanyweka bila kuongezwa maji. Bibi zetu walikijua kupitia togwa. Loweka mtama usiku mmoja, uchipuze siku mbili au tatu mahali penye kivuli, uanike mpaka ukauke kabisa, kisha usugue ili mizizi na machipukizi yaanguke yatupwe, maana machipukizi ya mtama yana sumu. Halafu saga. Mwisho, uji ukiwa vuguvugu, tieni ubuyu.

Karanga zichaguliwe. Yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye rangi ya kijani itupwe, wala isipewe kuku. Sumukuvu si hadithi: mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mengine yamo mikononi mwetu tayari. Dagaa wakavu wa Ziwa Viktoria, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wana chuma na zinki. Chumvi na mchanga vioshwe, basi. Nsansa na majani mengine ya kukausha yaanikwe kivulini, kwa kuwa jua kali huunguza vitamini A iliyomo. Mradi wa Marando Bora, uliofanya kazi Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2009 mpaka 2012, ulisambaza mbegu za viazi, na miongoni mwake vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Chama chenye bonde la maji chaweza kutunza marando hayo wakati wa kiangazi na kuwauzia wanachama mvua ikianza. Michembe ya viazi hivyo ni chakula cha Februari. Ngitili zetu zilizohifadhiwa tangu siku za HASHI, mradi ulioanza mwaka 1986, zina matunda ya porini ambayo hatuyahesabu kama chakula kwa sababu hayana duka. Na kanuni za mwaka 2011 ziliagiza viwanda vitie virutubishi katika unga na mafuta ya kula. Lakini unga unaosagwa kwenye mashine ya kijijini haupiti huko, wala mafuta ya pamba yanayokamuliwa kienyeji. Ushirika ukiwa na kiwanda cha kukamua, jambo hilo ni la kuuliza katika mkutano mkuu, kwa sauti.

Wazee mliokaa hapa mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, mlivyokaa chini ya mwembe mkisikiliza redio na kijitabu mkononi. Hazikutuuzia kitu. Labda ndiyo sababu tulizisahau upesi.

Sisemi kwamba vidonge vipigwe marufuku. Anayeandikiwa na mganga kwa ugonjwa unaojulikana anywe kama alivyoagizwa. Mwanachama akitaka kununua chupa kwa fedha yake mwenyewe ana haki. Ninachopinga ni chama kuwa wakala wa muuzaji, kikakata katika pamba ya mtu deni la kitu ambacho hakikupimwa kwake. Muuzaji akija ofisini, katibu amwombe hati ya usajili: ya TMDA kama aita bidhaa yake dawa, ya TBS kama aiita chakula. Asiye na mojawapo asiandikwe hata katika kitabu cha wageni. Kisha katibu achukue bei ya chupa moja, aende mnadani, aandike fedha hiyo ingenunua kilo ngapi za maharage, dagaa na karanga. Takwimu hizo mbili zisomwe mbele ya wanachama kabla ya kura. Sina wasiwasi juu ya kura.

Na kwa wenye vijana migodini: kila mwanachama anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi, au anayekonda na kutoka jasho usiku, aelekezwe kituo cha afya akapimwe makohozi, na aliyelala naye chumba kimoja aende pia. Wenye makarasha ambao ni wanachama wetu wamwagie mawe maji kabla ya kuponda. Gharama yake ni pipa na mtu wa kuteka.

Vyama vinavyotaka kuanza uji katika palizi ya Januari vituandikie majina ya wapishi kabla ya mwisho wa Novemba, ili mtama wa kimea ulowekwe mapema. Sasa niko tayari kwa maswali.